Ndege wa Mida na Watu wa Watamu

Historia tuliyozoea kuisoma vitabuni ni historia ya watu: masultani na vita vyao, mabaharia na majahazi yao, magavana na amri zao. Ni mara chache tunaambiwa kwamba ndege nao wana historia, na kwamba historia yao imesukwa pamoja na yetu kama miaa isukwavyo kuwa ukili. Ukiutoa mwaa mmoja, ukili mzima hulegea. Katika insha hii nataka nikuonyeshe, ewe msomaji, mfano mmoja wa historia ya namna hiyo. Haukutokea katika nchi ya mbali. Umetokea Watamu, mji mdogo ulio pwani ya Kenya, kusini ya Malindi, katika Kaunti ya Kilifi, na baadhi ya waliouandika kwa matendo yao walikuwa wanafunzi wa umri kama wako.

Kwanza yafaa uione nchi yenyewe. Mbele ya Watamu pana bahari na miamba ya matumbawe, ambayo serikali iliiwekea hifadhi mwaka 1968, nayo ikawa miongoni mwa hifadhi za kwanza za bahari katika Afrika. Nyuma ya mji, maji ya chumvi yameingia nchi kavu kwa mlango mwembamba, kisha yakatanda na kuwa hori kubwa liitwalo Mida. Eneo lake ni kama kilometa 32 za mraba, na kingo zake zimevikwa mikoko: mkoko wenyewe wenye mizizi kama miguu ya buibui, mchu, mkandaa, muia na mlilana. Ukilipita hori na kuelekea bara unakuta magofu ya Gede, mji wa Waswahili uliohamwa katika karne ya 17 na ambao James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948. Na ng'ambo ya Gede umesimama msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilometa za mraba kama 420, pande kubwa kuliko yote lililobakia la msitu wa asili wa pwani ya Afrika Mashariki.

Bahari, hori, magofu na msitu, vyote katika mwendo wa asubuhi moja kwa baiskeli. Sidhani kama pana mahali pengi duniani palipobahatika hivyo.

Sasa simama kando ya Mida maji yanapokupwa. Tope linaanza kuonekana kidogo kidogo, jeusi na la kung'aa, na kwa macho ya mpita njia halina kitu. Lakini tope hilo ni ghala. Ndani yake mna minyoo, kombe na kaa wasiohesabika, na ndege wanalijua jambo hilo kuliko sisi. Sululu hushusha mdomo wake mrefu uliopinda kama kisu cha mgema, akautia shimoni na kumtoa kaa. Vitwitwi hukimbia makundi kwa makundi, wakidonoa hapa na pale kama watu wanaookota kunde zilizomwagika. Kulasitara na yangeyange husimama kimya majini. Maji yakijaa tena, karamu imekwisha. Ndege wote husogezwa na maji hadi kwenye visiwa vya mchanga vilivyobaki, nao husongamana huko wakingoja. Saa hiyo ya maji kujaa ndiyo saa ya anayetaka kuwahesabu, kwani hawana pa kutawanyikia.

Wengi wa ndege hawa si wenyeji wa Mida. Miongoni mwa vitwitwi wamo wanaozaliwa kaskazini kabisa ya Urusi, katika nyika za Siberia ambako barafu huyeyuka kwa majuma machache tu ya mwaka. Huangua mayai, hulea upesi, kisha huruka maelfu ya kilometa kuikimbia baridi. Huanza kufika pwani yetu kuanzia mwezi wa Agosti, na inapokaribia Aprili huwa wamenona kwa chakula cha Mida, tayari kurudi. Basi ndege mwenye uzito usiofika hata nusu ya yai la bata huvuka mabara na bahari mara mbili kila mwaka, na katika safari hiyo hategemei chochote ila upepo, mafuta ya mwili wake, na vituo vichache vya kula njiani. Kituo kimoja kikiharibiwa, hana pengine alipopajua.

Miongoni mwa wageni hao yupo mmoja ambaye mtu wa pwani angepaswa kumjua kama ndugu. Ni ndege mweupe na mweusi, mwenye miguu mirefu na mdomo mnene wenye nguvu, na chakula chake hasa ni kaa; kwa hiyo nitamwita mla-kaa. Huyu hazaliwi Siberia. Huzaliwa katika pwani na visiwa vya Ghuba ya Uajemi, Oman na Bahari ya Shamu. Wakati wa joto kali huchimba shimo mchangani, akataga humo yai moja jeupe, na mchanga wenyewe huwa msaada wa kuliweka yai katika joto lifaalo. Ndege wengine wa jamii ya pwani kwa kawaida hutaga juu ya ardhi. Yeye peke yake ndiye mchimbaji. Baadaye huja kwetu pamoja na mtoto wake, na hata akiwa Mida utamwona mtoto aliyekwisha kuwa mkubwa akimfuata mzazi, akilia na kuomba kaa amenyewe. Ukikumbuka kwamba kwa karne nyingi majahazi ya Maskati na Sur yalikuja pwani hii kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, utaona kwamba mla-kaa ni msafiri wa njia ile ile, naye alikuwa akiisafiri kabla jahazi la kwanza halijaundwa. Majahazi yamekoma. Yeye bado anakuja.

Tuyaache maji tuingie katika karatasi, maana historia hupenda karatasi. Wazee wa Kigiriama, Waswahili na Wasanye walikuwa na majina ya ndege wao na maarifa ya mienendo yao tangu zamani, lakini maarifa hayo yalikaa vinywani. Elimu ya ndege iliyoandikwa vitabuni ilianza huku kwa bunduki. Mtaalamu wa siku hizo alimpiga ndege risasi, akamchuna, akaijaza ngozi pamba, akafunga kibandiko mguuni na kuipeleka Ulaya katika jumba la makumbusho. Mwaka 1909 wapenzi wa elimu ya viumbe, Wazungu watupu, waliunda chama chao mjini Nairobi, chama ambacho leo hujulikana kwa jina la Nature Kenya na ambacho wanachama wake sasa ni watu wa kila namna. Na mwaka 1913 kwera mmoja wa pwani ya Kilifi, wa rangi nyeusi na manjano, aliandikwa kwa mara ya kwanza katika vitabu vya wataalamu, akapewa jina la kigeni la golandi. Kwa Kiingereza huitwa kwera wa Clarke. Mimi nitamwita kwera wa Kilifi, kwa kuwa haonekani popote duniani ila katika kaunti hiyo.

Utazame vizuri mwaka huo wa 1913. Katika mwaka ule ule ambao wataalamu walikuwa wakimwandika kwera, Mekatilili wa Menza alikuwa akienda kijiji kwa kijiji katika nchi ya Wagiriama, akiwahimiza watu wakatae kodi na wasiwatoe vijana wao kwenda kufanya kazi za Wazungu. Mwezi wa Oktoba alikamatwa na kupelekwa mbali, Kisii. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni iliibomoa Kaya Fungo kwa baruti, na Wagiriama wakaamriwa kuihama nchi iliyo kaskazini ya mto Sabaki. Wenye nchi walikuwa wakifukuzwa wakati ndege wa nchi walipokuwa wakipewa majina. Silisemi jambo hili ili kuwalaumu wanaopenda ndege. Nalisema kwa sababu pasipo kulijua hutaelewa kwa nini, miaka mingi baadaye, mwanakijiji wa kando ya msitu aliposikia neno "hifadhi" alikunja uso.

Msitu wa Arabuko-Sokoke wenyewe ulitangazwa kuwa mali ya serikali katika mwaka 1932. Tangu hapo aliyetaka mti alihitaji ruhusa, ingawa wenye viwanda vya mbao waliipata ruhusa kwa urahisi kuliko jirani wa msitu aliyetaka boriti za nyumba. Mbambakofi ilikatwa kwa milango na samani, muhuhu kwa vinyago. Kwa bahati njema msitu haukuisha. Una sehemu tatu zilizo mbali kwa tabia: panapo mrihi, miti imeachana na jua linapenya hadi chini kwenye mchanga mweupe, panapo mfunda, ardhi ni nyekundu na kichaka kimesongamana hata huwezi kupita bila panga, na tena upo msitu wa miti iliyochanganyika, wenye kivuli kizito. Ndege nao wamegawana sehemu hizi kama watu walivyogawana mitaa. Kwera wa Kilifi hula juu kabisa katika vilele vya mirihi. Yuko chozi mmoja adimu aitwaye kwa jina la Amani, kituo cha milima ya Usambara huko Tanga, naye pia ni wa mirihi. Na katika mfunda anakaa bundi.

Bundi huyu anastahili mafungu yake mwenyewe. Ni mdogo sana, kimo chake hakifiki urefu wa kalamu mpya ya risasi, ana vishungi viwili kichwani na macho ya manjano, na rangi yake yaweza kuwa ya kijivu, ya kahawia au nyekundu kama kutu. Wataalamu hawakumjua kabisa mpaka mwaka 1965. Mwaka 1966 Mmarekani S. Dillon Ripley alimwandika kitabuni, akampa jina la kitaalamu kwa heshima ya Irene Morden wa Marekani. Fikiri: Kenya ilikuwa imekwisha kupata uhuru, na bado palikuwa na bundi msituni karibu na barabara kuu ya Mombasa na Malindi ambaye vitabu vya dunia havikuwa na habari zake. Kwa miaka mingi alidhaniwa kuwa wa Sokoke peke yake, hata katika miaka ya 1990 akaonekana pia katika misitu ya chini ya Usambara.

Lakini je, vitabu tu ndivyo havikuwa na habari zake? Majirani wa msitu waliisikia sauti yake usiku, na hawakuipenda. Wewe unajua jinsi bundi anavyosemwa kwetu. Akilia juu ya paa, watu hutupa kijinga cha moto na kuulizana ni nani mgonjwa. Hapana mtu aliyetaka kwenda msituni usiku kumtafuta mleta misiba. Leo vijana wa vijiji vile vile wanajua ni tawi gani alilolala bundi huyo mchana, humwongoza mgeni kwa hatua za paka, humwonyesha, na kwa kazi hiyo hulipa karo ya wadogo zao. Katika muda wa kizazi kimoja bundi wa msiba amekuwa bundi wa riziki. Sina hakika kwamba woga umekwisha. Nafikiri wengine wao hutia imani zote mbili mfukoni mmoja, nayo si ajabu kwa binadamu.

Mageuzi hayo hayakuja kwa mahubiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 majirani wengi wa Arabuko-Sokoke walipoulizwa maoni yao, walisema wangependelea msitu ukatwe wapate mashamba. Walikuwa na haki ya kusema hivyo. Tembo walitoka usiku wakakanyaga mahindi. Nyani walikuja mchana wakamaliza yaliyosalia. Na mtu akikutwa na mzigo wa kuni alitozwa faini. Msitu uliwapa nini? Ulimpa mgeni wa Ulaya picha ya ndege, basi.

Ndipo mwaka 1993 likaanzishwa pale Gede shirika la Kipepeo. Wanakijiji walifundishwa kuwafuga viwavi wa vipepeo wa msituni, na mabuu yao yakauzwa nchi za ng'ambo kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Kiwavi hula majani ya miti ya msituni. Pasipo msitu hakuna kiwavi, na pasipo kiwavi hakuna fedha. Hesabu hiyo kila mama aliweza kuifanya bila ya ubao na chaki. Mwaka 1997 ilipozuka mbio ya kutaka sehemu ya msitu itolewe igawiwe watu, walikuwamo miongoni mwa wapinzani wa jambo hilo wafugaji wa vipepeo wenyewe, watu wa vijiji vya kando ya msitu. Ardhi haikutolewa.

Kazi ya ndege ilifuata njia hiyo hiyo. Mwaka 1999 lilianzishwa Kenya shirika la A Rocha, ambalo kituo chake cha mafunzo ya viumbe kiko Watamu, na mwaka 2001 likaanza mpango wa kuwasaidia kwa karo wanafunzi wa sekondari waliotoka katika nyumba zinazopakana na msitu au na hori. Sehemu ya fedha hutoka kwa wageni wanaokuja Mida. Limejengwa huko daraja jembamba la mbao na kamba linalopita juu ya mikoko, nalo huishia kwenye kibanda kinachoelekea tope. Mgeni hulipa kidogo, hutembea juu ya mizizi na kaa, huketi kibandani na kuwatazama ndege bila kuwatisha. Mzazi wa mwanafunzi anayesaidiwa naye hutakiwa ajiunge katika kupanda miti na kujifunza habari za msitu. Hivyo mla-kaa wa Oman amemlipia karo mtoto wa Mida, naye mwenyewe hana habari.

Yamkini unauliza, kikundi cha vijana wenye darubini chaweza kufanya nini ambacho serikali na wataalamu hawawezi? Chaweza kukaa. Mtaalamu huja kwa majuma mawili, akaandika, akaenda zake. Kijana aliyezaliwa Mida, au Dabaso, au Arabuko yupo mwezi wa kaskazi na mwezi wa kusi, mwaka wa mvua na mwaka wa ukame. Na katika elimu ya ndege, hesabu moja haina maana kubwa. Ukiniambia leo kwamba umeona mla-kaa mia tatu, nitakushukuru. Lakini ukiniambia kwamba umewahesabu kila Januari kwa miaka ishirini, utakuwa umeniambia kama dunia yao inakua au inapungua.

Namna ya kuhesabu si kazi ya mzaha. Wahesabuji hugawana ufuko kabla ya maji kujaa. Mmoja hutazama kwa darubini ya miguu mitatu, mwingine huandika. Yule atazamaye haondoi jicho, hutamka tu jina na idadi. Kundi likiwa kubwa, huhesabu ndege kumi, akapima kwa jicho nafasi waliyoijaza, kisha akaona nafasi kama hiyo zipo ngapi. Kwazi akipita juu, ndege wote huruka kama moshi, na kazi huanza upya. Mara nyingine nyavu nyembamba hutegwa usiku, na ndege wanaonaswa hupimwa uzito na urefu wa bawa, wakavikwa mguuni pete nyepesi yenye nambari, wakaachwa waende. Pete hiyo ikisomwa tena mahali pengine, safari ya ndege huwa imeandikwa mwanzo wake na mwisho wake. Linganisha pete hiyo na kibandiko cha zamani kilichofungwa katika mguu wa ngozi iliyojazwa pamba. Vyote viwili ni maandishi mguuni mwa ndege. Ila hiki kimoja humwacha aruke.

Na hesabu hazisemi yatupendezayo siku zote. Bundi wa Sokoke alikadiriwa kuwa na jozi kama 1,000 msituni mwaka 1993. Alipohesabiwa tena mwaka 2008, jozi zilikuwa kama 800. Hakuna aliyewaua kwa mawe. Palipotea miti mikubwa yenye mashimo ya kutagia na palipotea kivuli cha mfunda. Msitu ukitazamwa kutoka barabarani ulikuwa bado umesimama. Ndani ulikuwa umepunguzwa nguzo moja moja, kama nyumba inayoliwa na mchwa huku paa likingali juu. Jambo la namna hiyo huligundua mtu anayehesabu tu; anayepita kwa gari haligundui.

Sasa nirudi kwa kwera wa Kilifi, maana habari zake ndizo nzuri kuliko zote. Tangu aandikwe mwaka 1913, wataalamu walimwona mara nyingi katika mirihi ya Sokoke, akiwa na wenzake makundi kwa makundi. Lakini walimkosa kitu kimoja: kiota. Kwera wote husuka viota, na viota vya kwera havifichiki. Kila mtoto wa shule amewahi kuviona vikining'inia. Huyu alikuwa akitoweka Sokoke kwa miezi kadhaa kila mwaka, kisha akarudi na makinda yenye kuruka. Alizalia wapi? Swali hilo lilikaa miaka mia moja. Wengine walidhani anasuka juu sana vileleni asionekane.

Macho yalielekezwa kaskazini ya Sabaki, katika misitu ya Dakatcha, upande wa Magarini: nchi ile ile ambayo Wagiriama waliamriwa kuihama mwaka 1914, na ambayo baadaye walirudi wakaikaa. Dakatcha haina ulinzi kama wa Arabuko-Sokoke. Ni ardhi ya vijiji, yenye mirihi, mashamba ya mananasi na tanuri za mkaa. Huko pia kulikuwa kumeundwa kikundi cha wenyeji cha kuhifadhi msitu, wanaume kwa wanawake, na watu wa kikundi hicho pamoja na wataalamu wa ndege wa Nature Kenya na wa Watamu walimtafuta kwera msimu kwa msimu. Mwezi wa Machi 2013 walimpata. Hakuwa vileleni kabisa. Alikuwa chini, katika kinamasi kinachojaa maji ya mvua, na viota vyake vilikuwa vimesukwa katika nyasi ndefu za majini, vingi kwa pamoja, wazazi wakiingia na kutoka wakiwalisha makinda. Ndege wa mitini alikuwa akizalia majini. Na waliokuwapo siku hizo wakiandika walikuwa pamoja na vijana wa nchi hiyo, majina yao yakawekwa katika taarifa ya kitaalamu sawasawa na majina ya wageni. Baina ya 1913 na 2013 hilo nalo ni badiliko, na mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko kupatikana kwa kiota.

Usidhani kwamba huko Dakatcha mambo yalikuwa shwari. Miaka michache tu kabla ya hapo, kuanzia mwaka 2009, kampuni moja ilitaka kufyeka maelfu ya hekta ya msitu huo ilime mbono wa kutoa mafuta ya kuendeshea mitambo. Wenyeji hawakuwa na kauli moja. Kijana asiye na kazi aliahidiwa mshahara. Mzee mwenye shamba alihofia kufukuzwa. Kila mmoja alikuwa na hoja yake na hapakuwa na mjinga kati yao. Mashirika ya uhifadhi na wakazi wengi wa pale walipinga, uchunguzi ulifanywa, na mwishowe mpango huo haukutekelezwa. Kama ungetekelezwa, huenda kiota cha kwera kingetoweka kabla hakijaonekana, na swali la miaka mia lingebaki bila jibu hata milele.

Ila mkaa unaendelea. Gunia moja la mkaa wa mrihi ni chakula cha nyumba moja kwa siku kadhaa, na mwenye njaa haambiwi angoje bundi aongezeke. Hapa ndipo penye ugumu wote wa jambo hili, na ningekudanganya kama ningesema kuwa umekwisha kutatuliwa. Asali, vipepeo, kuongoza wageni, karo za shule, hivi vyote vimesaidia. Lakini si kila nyumba hufuga nyuki, wala si kila kijana huwa kiongozi wa wageni. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipozuia safari za dunia, wageni walikoma kuja Watamu, na kila riziki iliyotegemea darubini ya mgeni ilikauka. Waliokuwa na shauku na ndege kwa ajili ya fedha peke yake walipata sababu ya kuacha. Hata hivyo tope la Mida liliendelea kupwa na kujaa, na wasafiri wa Siberia na wa Oman walifika kama kawaida, kwani wao hawakuhitaji cheti.

Ukipata kwenda Watamu kwa ziara ya shule, usiridhike na mchanga mweupe na maji ya buluu. Uliza saa ya maji kujaa Mida, uende na daftari. Kati ya Novemba na Machi, jua linapokuchwa, utawaona keremkerem wekundu wakija mamia kwa mamia kulala katika mikoko. Hutahitaji darubini kwa hao. Na ukibahatika kukutana na wahesabuji, waombe wakuonyeshe madaftari yao ya miaka iliyopita.

Wenzao wa Dakatcha wana daftari la namna hiyo pia. Kinamasi cha kwera hutegemea mvua. Mwaka wa ukame hakina maji, na pasipo maji hapana nyasi ndefu wala viota. Lakini katika miaka hiyo nayo inafaa mtu aende, aizunguke ardhi iliyokauka, akatazame. Kisha afungue daftari, aandike tarehe, na mbele ya jina la kwera aandike 0. Tarakimu hiyo nayo ni historia, nayo huandikwa kwa wino ule ule.